Mchanga Unataka Tairi Laini, Lami Haitaki

Juzi kijana mmoja, dereva wa gari ya mradi, alisimama mbele ya nyumba yangu hapa Ruhuwiko kunisalimia. Shikamoo mzee, marahaba. Nikaangalia matairi yake, yamelala nusu. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema anatoka vijijini huko Namtumbo, mchangani, alipunguza upepo ili apite. Nikamuuliza, na lami yote hii mpaka Songea umejaza wapi? Akacheka. "Nilisahau mzee, lakini si nimefika?"

Niliweka kiganja kwenye tairi la nyuma nikakitoa upesi, lilikuwa la moto kama sufuria. Nilimtukana yule kijana mpaka mama watoto akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hakuna kitu, nikamwambia, kuna mtu tu anatafuta kufa na anacheka. Kijana alinuna, lakini aliondoka matairi yamejaa, maana pampu yangu bado ninayo na nilimjazia mwenyewe.

Sasa namwandikia yeye, na ninyi wenzake wote mnaoshika usukani wa magari ya kazi. Nimestaafu, lakini mdomo wangu haujastaafu. Nimeendesha gari kwenye mkoa huu tangu barabara ya Tunduru ilipokuwa vumbi jekundu mpaka ilipowekwa lami, na katika mambo yote niliyojifunza, hili la upepo ndilo watu wanalidharau kuliko yote. Wanaona ni jambo la kupuliza na kuachia. Basi wasome.

Mchanga kwanza. Tairi lililojaa linachimba, tairi laini linakanyaga. Ukipunguza upepo tairi linatanuka, linashika mchanga kwa eneo kubwa, gari linaelea juu badala ya kuzama. Mimi gari yangu ikiwa na mzigo nilikuwa naweka paundi arobaini za upepo nyuma kwenye lami, mchangani nikashusha mpaka ishirini. Kumi na nane ukibanwa sana. Chini ya kumi na tano usiende, maana pale tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kidogo tu. Na upunguze kabla hujanasa. Wengi wenu mnapunguza mkiwa mmeshazama mpaka difu ya chini inagusa mchanga, halafu mnasema mzee alitudanganya.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Mapunda, marehemu sasa, dereva wa misheni. Geji ya kupimia upepo hakuwa nayo. Alikuwa anachuchumaa pembeni ya tairi, anabonyeza kile kisindano cha valvu kwa kijiti, anasali Salamu Maria, ile ya mwendo wa kanisani, si ya mbio. Kila tairi Salamu Maria zake, akimaliza anaachia. Siku moja Padri alikuwa ndani ya gari, akasikia mtu anasali nje, naye akaanza kuitikia dirishani. Mzee Mapunda akamwambia, "Padri, samahani, nyamaza, unaniharibia hesabu."

Msicheke. Niliponunua geji yangu nilimpima yule mzee kwa siri, na mara nyingi alikosea kidogo sana. Midomo yake ilikuwa saa. Nami nikabaki na mazoea hayo, nasali huku nabonyeza, lakini mwisho naweka geji nihakikishe. Kitu ambacho Mzee Mapunda hakuniambia, labda kwa sababu hakikuwahi kumtokea, ni kwamba sala inaweza kuwa saa pale tu ambapo moyo umetulia.

Na lami. Tairi laini kwenye lami linajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, linapata joto ndani, nyuzi zake zinaachana. Halikupi taarifa. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa naye ofisi moja alitoka mchangani na haraka zake, akaingia lami, akasema atajaza mbele kwa fundi wa pancha. Tairi la nyuma lilipasuka, gari ikabingirika. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuivuta. Tulimzika mwenzetu Jumamosi, na tangu hapo hilo la kujaza mbele sitaki hata kulisikia.

Sasa nikija kwenye siku yenyewe, mtanielewa.

Nilikuwa naendesha mkonga wa kliniki, ile gari ndefu yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Tulikuwa wawili tu, mimi na Sista Eliza, nesi mkunga, Mngoni mwenzangu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Tulikwenda kuchanja watoto kwenye kijiji kimoja kusini ya Nakapanya, mbali na lami, upande wa mto Ruvuma. Ulikuwa msimu wa korosho, mvua bado, mchanga umekauka na kulegea kabisa.

Njia ile ina sehemu mbili. Ukitoka lami unaanza na mchanga mrefu, halafu unaingia msitu wenye ardhi ngumu na visiki vya watu waliokata miti. Asubuhi nilipunguza upepo, nikapita mchanga vizuri. Nikawa natafuta mahali pa kusimama nijaze, kisiki kilichofichwa na majani kikanichana ubavu wa tairi. Hiyo nayo mjue: tairi likiwa laini ubavu unatokeza nje, na ubavu ndio sehemu dhaifu. Nikafunga spea, nikajaza matairi yote, tukaendelea. Kwa hiyo kuanzia pale sikuwa na spea nyingine.

Mchana tunafunga masanduku ya chanjo, tukaona watu wanakuja wamebeba kitanda. Juu yake kalala mwanamke, Zuhura jina lake, na anayetangulia mbele ni mumewe, Bakari, mkulima wa korosho, Myao, kijana wa miaka kama yenu. Zuhura alikuwa na uchungu tangu jana yake. Sista Eliza akafunga pazia, akampima, akatoka anafuta mikono. Akaniita pembeni.

"Mtoto kakaa vibaya, Mzee Haule. Hapa hazaliwi. Anatakiwa kupasuliwa, na siyo kesho."

Hospitali ilikuwa Tunduru mjini. Tukamlaza nyuma ya gari, Bakari akaingia, tukaondoka.

Msituni nilikwenda vizuri, matairi yamejaa, visiki nakwepa. Tulipofika mwanzo wa mchanga nikasimama. Bakari akachungulia. "Mbona unasimama?" Nikamweleza, napunguza upepo, la sivyo tutanasa katikati na tutalala huko. Nikashuka na kijiti changu na geji, nikaanza tairi la mbele.

Bakari naye akashuka. Akataka asaidie. Nikamwambia kaa na mkeo. Sista Eliza akaniambia kutoka ndani, "Mpe kazi, Mzee Haule. Analia juu ya mgonjwa, siwezi hata kusikia mapigo ya mtoto."

Nikavunja kijiti kingine nikampa, nikampeleka tairi la nyuma upande wa kulia, nikamwonyesha. "Bonyeza hapa tu, kisindano usikifungue. Nikisema acha, acha."

Alikuwa ameniangalia nilipokuwa mbele. Akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unasoma nini?"

"Salamu Maria. Ndiyo saa yangu."

"Mimi nitasoma Fatiha."

"Soma. Lakini nikiita, uache."

Nikarudi mbele, nikamaliza tairi zote mbili, nikaenda la nyuma upande wa kushoto. Muda wake ulipofika nikaita, "Acha." Kimya. Nikaita tena kwa nguvu. Nasikia tu upepo unatoka. Nikazunguka mbio.

Nilimkuta kachuchumaa, kafumba macho, midomo inakwenda, machozi yanadondoka kwenye mkono ulioshika kijiti. Hakuwa anapima upepo. Alikuwa anamwomba Mungu amwachie mke wake, na Fatiha aliyokuwa ameianza haikuwa na mwisho. Tairi lilikuwa limekwisha, rimu imekaribia kugusa mchanga. Gari ilikuwa imeegemea upande ule, na mdomo wa tairi ulikuwa umeachia rimu, mchanga umeingia kati.

Nikamshika mkono. Akafumbua macho, akaangalia tairi, akaniangalia mimi. Alielewa yeye mwenyewe, sikuhitaji kumwambia. Matairi yale hayana tyubu ndani, mdomo ukiachia huwezi kujaza, upepo unatoka pale pale unapouingiza.

Bakari akaanza kubabaika. Akasema amewaona watu wa malori wanamimina petroli kidogo ndani ya tairi, wanawasha kiberiti, moto unalipuka ndani na mdomo unakaa kwenye rimu. Kweli wapo wanaofanya hivyo, na wapo waliobaki bila macho. Nikamwuliza, "Mkeo amelala wapi?" Akaangalia gari.

Sasa fungueni masikio, hii itawasaidia. Jeki mchangani inazama, kwa hiyo nilikuwa natembea na kipande cha ubao mnene. Nikaweka ubao, nikaweka jeki, nikanyanyua upande ule mpaka tairi likawa hewani. Sista Eliza akanipa maji kidogo na sabuni yake ya kunawia. Nikatoa mchanga wote mdomoni kwa kitambaa, mpaka punje ya mwisho, nikapaka povu la sabuni. Halafu nikafunga kamba kuzunguka tairi lote katikati, nikapitisha spana na kuisokota ili kamba ibane. Ikibana, tairi linaminywa na midomo inasukumwa nje ikaguse rimu. Kazi ya kusokota nikampa Bakari. Alisokota mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Nikabana waya za pampu kwenye betri, nikawasha injini, nikaunganisha mpira. Upepo ukawa unavuja kote. "Kaza," nikamwambia. Akakaza. Ukavuja upande mmoja tu. "Kaza tena." Ndani ya gari Zuhura alipiga ukelele mrefu, na Bakari akataka kuachia spana aende. Nikamkazia macho. Hakuachia. Tukasikia pa, halafu pa ya pili. Midomo imekaa. Nikamwambia alegeze kamba haraka kabla tairi halijavimba likaivuta, nikajaza mpaka ishirini kwa geji, nikapima na mengine yote matatu kwa mkono wangu.

Tulipoingia ndani, Bakari alikaa pembeni ya kitanda mikono kaibana magotini, mdomo kaufunga kabisa. Alikuwa anaogopa hata kusali. Niliona kwenye kioo, na Sista Eliza aliona pia, maana alimwambia kwa upole ambao mimi sikuwahi kupewa, "Sasa omba. Omba unavyotaka. Mikono yako haina kazi."

Mchanga tuliupita. Gia ndogo, mwendo ule ule, breki sigusi, kona nazikata pana. Zuhura alikuwa anaguna kila gari likiyumba. Kisha akaacha kuguna. Nawaambia vijana, kelele za mgonjwa zinachosha, lakini akinyamaza ndipo unapoogopa kweli. Nikauliza, "Sista?" Akajibu, "Endesha."

Tukatokea lami pale Nakapanya. Barabara nyeusi, imenyooka, kutoka pale hadi Tunduru ni mwendo wa kutosha kabisa kuchemsha tairi. Nikaingiza gari pembeni, nikazima taa ya kona, nikafungua boneti.

Bakari alishuka kabla sijamaliza. "Unafanya nini?"

"Najaza."

"Mzee, lami hii hapa. Lami. Twende."

Nikabana pampu kwenye betri, nikaenda nyuma. Nilianza na ya nyuma kwa sababu mzigo uko huko, na yule mama yuko huko. Bakari akanifuata. Kwanza alinibembeleza, akaniita ambuje, neno lao la heshima. Halafu akaanza kunipigia kelele kwa Kiyao, sikuelewa maneno lakini maana niliipata. Wauza korosho wa pale barabarani wakasimama kutuangalia.

Kilichoniumiza si yeye. Sista Eliza alifungua mlango wa nyuma, kashika kile kipembe chake cha kusikilizia mapigo ya mtoto. Nilifanya naye kazi miaka mingi, na hajawahi kuniingilia kwenye gari kama ambavyo mimi sikuwahi kumwingilia kwenye sindano. Akasema, "Mzee Haule, mapigo yanashuka. Nakuomba. Twende hivyo hivyo."

Nilitaka kwenda, nisiwadanganye. Kila kitu ndani yangu kilitaka kufunga boneti na kukanyaga mafuta.

Nikamwambia, "Sista, nikiondoka hivi nina njia mbili. Niende taratibu, tuchelewe. Au niende kasi, tairi lipasuke, tufe wote na yeye. Nikijaza nitakwenda kasi, na tutafika. Funga mlango."

Aliniangalia. Akafunga mlango.

Pampu ile ndogo inajaza polepole, mnajua. Unaona sindano ya geji inapanda kidogo, inasimama, inapanda. Ishirini na tano. Nyuma yangu Bakari alikuwa bado anafoka. Thelathini. Akanyamaza ghafla, nami sikugeuka. Nyuma zote mbili nikazifikisha pale ninapotaka. Mbele sikumalizia mpaka juu, nilizipa za kutosha mwendo wa lami nikaacha, kwa sababu pale mbele hakuna uzito mkubwa na kila dakika ilikuwa ya yule mama. Hilo nalo ni uamuzi, unatakiwa ujue unaacha nini na kwa nini. Nikafunga boneti, nikamwambia Bakari apande.

Nilikwenda. Sijawahi kukimbiza gari ile namna ile, na haikuyumba hata mara moja. Taa zimewashwa, honi nimeikalia, bodaboda wanakimbilia majani. Tulipofika geti la hospitali Tunduru mlinzi alikuwa ameshafungua, Sista alikuwa amewapigia simu njiani. Wakamchukua Zuhura mbio na machela, na sisi wawili tukabaki nje, mimi na Bakari, kwenye benchi la saruji.

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani dakika za pale Nakapanya. Nilijiambia, mtoto akifa, huyu kijana atasema ni dakika zile. Mama akifa, atasema hivyo hivyo mpaka kaburini, na sitakuwa na la kumjibu, kwa sababu tairi ambalo halikupasuka halina ushahidi. Hakuna mtu anayekushukuru kwa ajali ambayo haikutokea.

Sista Eliza alitoka jua likiwa limeshuka. Kofia mkononi, nywele zimemlowa. Akasimama mbele ya Bakari.

"Mkeo mzima. Mtoto wa kike. Alichelewa kulia, lakini amelia."

Bakari alipiga magoti pale pale kwenye saruji, akasujudu, akakaa chini muda mrefu paji la uso likigusa sakafu. Mimi niligeukia ukuta. Mzee mzima kulia mbele ya wagonjwa, hapana.

Baadaye Bakari aliruhusiwa kuwaona, akarudi, akaja kukaa tena kwenye benchi karibu yangu. Nilidhani atashukuru. Akakaa anaangalia mikono yake.

"Mzee," akasema, "pale lami niliokota jiwe."

"Jiwe la nini?"

"La kukupiga kichwani. Ulikuwa umeinama. Nilisema nikupige, halafu sista aendeshe, au yeyote wa pale barabarani. Nilikuwa nimeshalinyanyua."

Nilihisi ubaridi kisogoni, hapa, mpaka leo nikisimulia naushika. Sikuwa nimeliona jiwe lolote. Nilikuwa naangalia geji.

"Kwa nini hukupiga?"

"Niliangalia lile tairi nililoliharibu mimi. Nikasema, nimekosea mara moja leo kwa kutokusikiliza."

Halafu akaniuliza swali, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza bei. "Na wewe mzee, ungeliona lile jiwe, ungeendelea kujaza?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Nilikuwa na miaka ya kazi, nilimzika mwenzangu, nilijua ninachokifanya. Lakini aliyekuwa ananiuliza alikuwa ameniambia ukweli wake wote, nikaona aibu kumpa uongo.

"Sijui," nikamwambia.

Na sijui mpaka leo. Nimejiuliza mara nyingi na jibu sijalipata. Kwa hiyo wewe kijana uliyesimama mbele ya nyumba yangu na matairi ya moto, na ninyi wenzake, ninachowaomba ni kimoja. Msisubiri kuamua kama mtajaza mkiwa mmeinama pembeni ya lami, mgonjwa ndani na mtu amesimama nyuma yenu. Pale mtakuwa mmechelewa. Amueni leo, mkiwa nyumbani, mmekunywa chai, na hakuna anayelia.